Pierre Fauchard, daktari aliyewainua wagonjwa wa meno kutoka sakafuni

Mwaka 1685, Louis XIV, mfalme wa Ufaransa na mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote duniani wakati huo, aling'olewa meno ya taya la juu. Waliomhudumia walivuta kwa nguvu kupita kiasi, na meno yakatoka pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Kaakaa likabaki na tundu. Kila mfalme alipokunywa kitu, sehemu yake ilimtokea puani. Ili kuliziba tundu hilo, wapasuaji walilichoma kwa chuma cha moto, si mara moja bali mara kadhaa, na ganzi haikuwapo. Ganzi ilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye.

Kama mfalme alihudumiwa hivyo katika kasri lake mwenyewe, msomaji anaweza kukisia yaliyompata muuza samaki au mama mjamzito aliyeumwa gego. Wakati hayo yakitokea, huko magharibi mwa Ufaransa, alikuwapo mtoto wa miaka kama saba aitwaye Pierre Fauchard. Alizaliwa karibu na mwaka 1678 katika familia isiyo na jina kubwa. Wiki hii safu yetu inamzungumzia yeye. Vitabu vingi vya historia ya tiba humwita baba wa udaktari wa meno wa kisasa, lakini sababu ya kumweka hapa ni nyingine: mambo mengi ambayo mgonjwa ana haki ya kuyakuta akiingia kliniki ya meno leo, mtu huyu ndiye aliyeanza kuyadai kwa maandishi, tena akiwataja waziwazi waliokuwa wakiwaumiza watu.

Akiwa na miaka 15 hivi aliingia katika jeshi la majini la mfalme. Huko alikuwa chini ya daktari mpasuaji wa meli aitwaye Alexandre Poteleret, mtu aliyekuwa ametumia muda mwingi kuchunguza maradhi ya kinywa. Melini hapakukosekana wagonjwa. Mabaharia waliokaa baharini miezi mingi wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi walipata kiseyeye: fizi zilivimba, zikatoa damu na harufu mbaya, meno yakalegea na kuanguka bila hata kuguswa. Leo tunajua kuwa kiseyeye hicho hutokana na kukosa vitamini C, ambayo sisi tunaipata kwenye machungwa, mapera, ubuyu na mboga za majani. Fauchard hakujua neno vitamini. Alichojifunza melini ni kwamba kinywa si kitu kilichojitenga na mwili, na kwamba jino zima linaweza kupotea kwa sababu ya fizi mbovu. Mpaka leo watu wazima wengi hawalijui hilo. Wanasubiri jino litoboke, kumbe fizi inayotoa damu kila asubuhi wakipiga mswaki ndiyo inayowaondolea meno.

Alipotoka jeshini alikwenda kuishi Angers, mji wa chuo kikuu, akaanza kazi ya meno. Alijiita daktari mpasuaji wa meno, jina lisilokuwa la kawaida wakati ule. Waliokuwa wakigusa meno ya watu walikuwa vinyozi, wapasuaji wa kawaida waliong'oa jino baina ya kazi nyingine, mafundi wa vito waliotengeneza meno ya bandia, na kundi kubwa la wang'oaji wa sokoni. Vifaa vingi alivyovihitaji havikuwapo, hivyo akavitohoa kutoka kwa mafundi saa, sonara na vinyozi, akavirekebisha vifae kinywani. Alifanya kazi Angers na miji ya jirani kwa miaka mingi, kisha karibu na mwaka 1719 akahamia Paris.

Paris ya siku hizo ilikuwa na daraja maarufu liitwalo Pont-Neuf, na juu ya daraja hilo alikuwapo mng'oa meno aliyejulikana kama Thomas Mkubwa. Alikuwa pande la mtu. Alisimama kwenye gari la kukokotwa, amevaa joho la rangi kali na kofia ya manyoya, na watu walimiminika kumtazama kama tunavyokwenda kutazama sarakasi. Mwaka 1729, alipozaliwa mtoto wa mfalme, alitangaza kung'oa meno bure kwa siku kadhaa. Wang'oaji wa aina yake walitembea na wapiga ngoma na tarumbeta. Muziki uliwavuta wateja, na pia ulizima kelele za aliyekuwa akivutwa jino, ili wanaofuata kwenye foleni wasikimbie.

Fauchard aliwaandika watu hawa kwa undani, na hapo ndipo kitabu chake kinapofanana na onyo la gazeti. Alieleza jinsi mng'oaji alivyompanga mtu wake katikati ya umati. Mtu huyo alikuwa na jino mkononi au kinywani tangu mwanzo, limefungwa kwenye utando mwembamba wenye damu ya kuku. Aliitwa mbele kama mgonjwa wa kawaida. Mng'oaji aliingiza vidole, utando ukapasuka, damu ikatoka, jino likaonyeshwa juu, na mgonjwa akaapa kwamba hakusikia hata kidogo. Waliokuwa na maumivu ya kweli wakapanga mstari. Alieleza pia habari za waliosafisha meno kwa asidi kali. Meno yalitoka meupe siku hiyo hiyo na mteja akafurahi, lakini asidi ilikuwa imeshakula gamba gumu la juu, lile linalolilinda jino, na gamba hilo likishaondoka halioti tena. Akawaonya pia wateja juu ya mafundi waliotoza bei ya dhahabu kwa jino lililozibwa kwa madini ya bei ndogo.

Nikisoma habari hizo nawaza vijana wanaonunua mtandaoni dawa za kung'arisha meno zisizo na maelezo, au wanaosugua meno kwa ndimu na magadi kwa sababu wameona video. Kemia haijabadilika tangu enzi za Pont-Neuf. Asidi ya ndimu hulainisha gamba la jino, na kusugua mara baada ya hapo huliondoa. Jino linalouma kila unapokunywa maji baridi, bila kuwa na tundu, mara nyingi ni jino lililovuliwa koti lake namna hiyo.

Sheria haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1699 kanuni mpya za wapasuaji wa Paris zilitaka kila anayetaka kuwa mtaalamu wa meno afanye mtihani kwanza. Ilikuwa hatua kubwa, maana kabla yake mtu alihitaji koleo tu na mkono wenye nguvu. Lakini Fauchard alikuwa na lalamiko moja la haki. Waliokaa kumtahini mtaalamu wa meno walikuwa wapasuaji wa kawaida, na wengi wao walijua machache kuhusu meno. Alitaka angalau mtaalamu wa meno mwenye uzoefu awemo kwenye jopo. Kwa maneno mengine, cheti peke yake hakikumtosha. Alitaka kujua nani ametoa cheti hicho na kwa kupima nini.

Swali hilo mgonjwa wa leo anaweza kuliuliza kwa wepesi zaidi. Tanzania Bara, daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Kenya ni KMPDC. Mtu aliyesajiliwa ana namba, na namba hiyo si siri. Kliniki nayo ina leseni yake, tofauti na ya daktari, na kwa kawaida hutundikwa mapokezi. Ni vizuri pia kujua kwamba si kila aliyevaa koti jeupe ana kazi sawa. Yupo daktari wa meno mwenye shahada, yupo tabibu wa meno mwenye stashahada, yupo fundi sanifu anayetengeneza meno ya bandia maabara, na yupo msaidizi anayeandaa vifaa. Wote ni watu muhimu na kila mmoja ana mipaka ya kazi yake. Fundi hodari wa kutengeneza meno ya bandia anapokuchoma sindano ya ganzi nyumbani kwako ili akupunguzie gharama, amevuka mpaka huo, hata kama mkono wake ni mwepesi.

Huko Paris, Fauchard alitafuta vitabu vya kumsaidia katika kazi, akakuta maktaba za tiba hazina kitabu kinachofaa juu ya meno. Kilichokuwapo kilikuwa vipande vipande ndani ya vitabu vya upasuaji. Sababu yake haikuwa ujinga tu. Waliojua kitu kuhusu meno walikificha. Ufundi ulikuwa mali ya ukoo au siri ya duka. Mtu akigundua namna bora ya kufunga jino la bandia alikufa nayo, au alimwachia mwanawe. Fauchard akaamua kuandika yote anayoyajua, pamoja na yale aliyoyabuni mwenyewe ambayo yangeweza kumtajirisha kama angeyaficha.

Mswada ulikamilika mwaka 1723. Hakuupeleka kwa mchapaji. Aliugawa kwa madaktari, wapasuaji na wenzake wa meno, karibu watu 20, wausome na kuukosoa, na kazi hiyo ya kusahihisha ikachukua miaka mitano. Kitabu kilitoka mwaka 1728 katika juzuu mbili, kwa jina Le Chirurgien Dentiste, kikiwa na michoro ipatayo 40 ya vifaa na kazi zake. Wajerumani walikitafsiri mwaka 1733. Toleo la pili la Kifaransa, lililoongezwa mambo, likatoka mwaka 1746. Ndani yake mlikuwa na namna ya kuondoa ugaga, kuziba tundu, kunyoosha meno ya watoto yaliyopinda kwa nyuzi na bamba la chuma, kutengeneza meno ya bandia yenye springi, na kuwatengenezea kifuniko watu waliotoboka kaakaa, balaa lile lile lililompata Louis XIV.

Katika mambo yote aliyoyaandika, moja ninalolipenda ni dogo na halina chombo chochote kipya. Ni habari ya mahali pa kumketisha mgonjwa. Desturi ilikuwa kumkalisha chini. Mng'oaji alisimama nyuma yake, akakibana kichwa chake katikati ya magoti, na kuvuta kuelekea juu. Fauchard aliona utaratibu huo ni mchafu, unamtisha mgonjwa na kumbana, na kwa mama mjamzito ni hatari. Akaagiza mgonjwa akae kwenye kiti imara chenye mikono na egemeo, kichwa kikiwa kimepumzika, mwanga ukiingia kinywani, na daktari asimame mahali anapoweza kuona anachokifanya. Kiti kile cha kisasa kinachopanda na kushuka, ambacho mwanao hukiona kama mchezo, kilianzia kwenye wazo hilo: kwamba anayetibiwa si mzigo wa kubanwa, na anayetibu hana ruhusa ya kufanya kazi kwa kupapasa.

Pia alikataa haraka ya kung'oa. Aliziba meno kwa risasi, bati na vipande vyembamba vya dhahabu, na mwenyewe alipenda zaidi bati. Risasi leo haiwekwi kinywani mwa mtu, kwa kuwa tunajua ni sumu. Lakini lengo lake la kuliokoa jino kwanza bado ndilo lengo. Hapa wazazi naomba mtulie kidogo. Mtoto akifika miaka sita hivi huota gego nyuma ya meno yake yote ya utotoni. Halijaanguka jino lolote kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utoto. Likitoboka na kuuma, husema ling'olewe tu, litaota jingine. Halioti. Hilo ni gego la kudumu. Daktari anayefuata taratibu atakuambia hivyo kabla ya kushika koleo, atakueleza kama linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi, atakutajia gharama ya kila njia, kisha atakuachia nafasi ya kuamua. Akishika koleo kabla ya kukueleza, muulize. Unalipia maelezo hayo pia.

Sasa tuje kwa mdudu. Kwa maelfu ya miaka, kuanzia Mesopotamia, watu waliamini kwamba jino hutobolewa na mdudu anayeishi ndani yake. Imani hiyo ilikuwapo Ulaya, ilikuwapo Asia, na hapa kwetu ipo mpaka leo. Wapo wanaofukiza dawa na kumwonyesha mgonjwa vijidudu vilivyodondoka kwenye kopo. Fauchard alichukua meno yaliyooza na ugaga wake, akayatazama kwa hadubini. Hakumwona mdudu yule. Akaandika kwamba hakumwona, na akaelekeza lawama kwingine, hasa kwenye sukari na vitu vitamu, vilivyokuwa vimeanza kupendwa sana mezani kwa matajiri wa Paris. Hakuwa na maelezo kamili, lakini alielekea penye ukweli. Bakteria wa kinywani hula sukari tunayoibakiza, hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo hutoboa. Kwa hiyo soda inayonywewa kidogo kidogo kuanzia asubuhi hadi jioni ni mbaya kuliko ile inayonywewa mara moja wakati wa chakula, na chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto ni mbaya kuliko zote.

Kwetu imani ya mdudu ina ndugu yake aliye hatari zaidi, naye ni meno ya plastiki, au ya nailoni kama wengine wanavyoyaita. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Tanzania wamekuwa wakipokea watoto wachanga waliochimbwa fizi. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, analia, hataki kunyonya. Bibi au jirani anafungua kinywa chake na kuona uvimbe mweupe kwenye fizi, mahali pa chonge. Anaambiwa hilo ni jino baya linalomwua mtoto, na anapelekwa kwa mtu anayelichimbua kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa, cheupe na laini, huonyeshwa kama ushahidi. Ni jino kweli: ni chonge la utotoni lililokuwa bado linajijenga ndani ya fizi, ambalo lingetoka lenyewe mtoto akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja na nusu. Lilikuwa laini kwa sababu halijakomaa.

Madhara yake si pengo tu. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda, maambukizi ya damu, hata virusi vya Ukimwi kutoka kwenye kifaa kilichotumika kwa mwenzake. Jino la kudumu lililo chini yake linaweza kuharibika au lisiote kabisa. Na wakati hayo yakifanyika, kuharisha kule au nimonia ile iliyoleta homa haijatibiwa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS, zinki, kuendelea kunyonya, na kupelekwa kituo cha afya.

Nisiwafanye wasomaji wadhani huu ni ujinga wa Waafrika. Ulaya ya Fauchard ilifanya jambo linalofanana nalo. Tangu karne ya 16 madaktari wakubwa wa huko walipasua fizi za watoto wachanga kwa kisu ili kusaidia meno yatoke, wakiamini kuota meno ndiko kunakoleta homa, degedege na vifo. Tabia hiyo iliendelea hadi karne ya 19 na kuipita. Watoto walikuwa wakifa kwa maradhi mengine katika umri ule ule wa kuota meno, na jino likabebeshwa kosa lisilo lake. Ilichukua muda mrefu sana kuachwa, na walioifanya walikuwa na vyeti.

Fauchard naye alikuwa na ya kwake. Aliwashauri wenye maumivu na meno yaliyooza wasukutue kwa mkojo wao wenyewe asubuhi na jioni, na alisisitiza kwamba umewasaidia wengi. Msomaji asijaribu, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yanatosha kutuliza fizi mpaka ufike kliniki. Kuhusu mswaki hakuwa na imani nao, kwa kuwa miswaki ya wakati ule ilikuwa ya nywele za wanyama, akapendekeza sifongo laini lenye maji. Mtu mmoja hawezi kuwa mbele ya zama zake katika kila kitu, na faida ya kuandika waziwazi ni kwamba waliokuja baadaye waliweza kuona alipokosea na kusahihisha.

Kosa zito kuliko mkojo, hata hivyo, hakuweza kuliona. Hakujua kwamba chombo kinachoonekana safi kinaweza kubeba ugonjwa. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikuwa ameshatazama utando wa meno yake kwa hadubini mwaka 1683 na kuona viumbe vidogo vikiogelea, lakini hakuna aliyeviunganisha na maradhi. Fauchard alifuta vifaa vyake na kuviweka vizuri, kisha akavitumia kwa mwingine. Ilibidi kusubiri Louis Pasteur, Joseph Lister aliyechapisha mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu wakati wa upasuaji, na Charles Chamberland aliyetengeneza mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke mwaka 1879. Hata glavu, ambazo leo tunaona ni lazima, hazikuwa kawaida kwa madaktari wengi wa meno duniani mpaka miaka ya 1980, Ukimwi ulipoingia.

Mashine ile ya mvuke ndiyo moyo wa kliniki ya meno, ingawa mgonjwa haioni kwa kuwa hukaa chumba cha nyuma. Kazi yake ni kupandisha mvuke kwa shinikizo hadi nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria hakufikii hapo, kwa sababu maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 na wapo vijidudu wanaovumilia joto hilo. Kupitisha kifaa kwenye spiriti au kukifuta kwa pamba hakufikii hapo kabisa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B, kwa mfano, kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka juu ya chuma kwa siku saba na bado kikaambukiza.

Huhitaji kuingia chumba cha nyuma ili kujua. Vifaa vilivyotakaswa vizuri huletwa vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na mfuko huo una alama inayobadilika rangi ikishapitiwa na joto la kutosha. Unapaswa kufunguliwa mbele yako. Sindano ya ganzi ni mpya, na kichupa cha ganzi kilichobaki nusu hakihamishiwi kwa mgonjwa anayefuata. Glavu zinavaliwa ukiwa umekaa, na zikishika simu au mpini wa droo zinabadilishwa. Ile mashine inayolia kwa kutoboa jino ina kichwa kinachochomolewa, na kichwa hicho nacho kinapaswa kutakaswa kila baada ya mgonjwa, si kupanguswa tu. Hapa ndipo kliniki zenye wateja wengi na vichwa viwili tu hushindwa, kwa hiyo ni swali zuri la kuuliza kwa upole. Kabla ya ganzi au kung'oa utaulizwa kama una presha, kisukari, pumu, mzio wa dawa, ujauzito, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukiona hukuulizwa, sema mwenyewe. Na picha ya eksirei inapopigwa, iwepo sababu unayoelezwa, hasa kwa mtoto.

Wapo wasomaji wanaoogopa kuuliza, wasije wakaonekana wanamdharau daktari. Waliofundishwa vizuri hawaoni hivyo. Msaidizi anayejua kazi yake hufungua mfuko mbele yako akiuinua kidogo uuone, bila kuombwa. Ukijibiwa kwa ukali kwa swali la namna hiyo, una haki ya kushuka kwenye kiti kabla ganzi haijachomwa.

Fauchard alizidi kupata wateja baada ya kitabu kutoka, wakiwamo watu wa tabaka la juu la Paris. Mwaka 1734 alinunua kasri dogo nje ya mji liitwalo Grand-Mesnil. Alikuwa amemwoa binti wa familia ya waigizaji, na mtoto wao wa kiume, Jean-Baptiste, alisomea sheria kwanza, kisha akafuata njia ya ndugu za mama yake na kuwa mwigizaji maarufu aliyejiita Grandmesnil. Wanafunzi na wasomaji wa Fauchard walitawanya njia zake Ulaya yote, na ndani ya kizazi kimoja cheo cha daktari wa meno, alichokuwa akijibandika mwenyewe kule Angers, kikawa cheo cha kawaida.

Alifariki Paris mwezi Machi 1761, akiwa na miaka zaidi ya 80. Waliosoma Kiingereza tu walisubiri sana: tafsiri kamili ya kitabu chake ilitoka mwaka 1946, kwa kazi ya Lilian Lindsay, mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari wa meno nchini Uingereza, ambaye chuo cha kwanza alichokiomba mjini London kilikataa kumpokea kwa sababu ni mwanamke, akaenda kusomea Edinburgh.